Usingoje Bomba Lipasuke: Linda Maji ya Nyumbani Usiku wa Baridi Kali

Wakazi wengi wa Kinangop, Kipipiri na sehemu nyingine za juu katika Kaunti ya Nyandarua wanaijua asubuhi ya namna hii. Unaamka saa kumi na moja alfajiri kukama ng'ombe. Nyasi za boma ni nyeupe kama zilizonyunyiziwa chumvi. Unafungua mfereji ili upate maji ya kuosha viwele na ndoo za maziwa, lakini hakuna hata tone. Unadhani maji yamekatwa. Saa mbili jua linapopanda, mfereji unakohoa mara mbili na maji yanaanza kutoka. Unashukuru na kuendelea na kazi. Adhuhuri ndipo unapogundua kwamba chini ya ukuta kumelowa, na kona ya bomba ina ufa mwembamba kama unywele.

Maji hayakuwa yamekatwa. Yalikuwa yameganda ndani ya bomba.

Kaunti yetu iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo wengi hufikiri kuwa bomba kuganda ni jambo la Ulaya na Marekani. Ni kweli kwamba hatuna theluji ya miezi mitatu. Lakini sehemu kubwa ya uwanda wa Kinangop iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na sakitu, ambayo wengi wetu tunaiita mbaa, si mgeni kwetu. Mkulima wa viazi huiogopa kwa sababu ya majani. Makala haya yanaeleza kwa nini mwenye nyumba pia anapaswa kujihadhari, na hatua anazoweza kuchukua kwa gharama ndogo.

Usiku wa hatari ni upi?

Watu wengi hudhani kwamba usiku wa hatari ni ule wa Julai, wakati ukungu na manyunyu yanapotufanya tuvae makoti mawili. Mara nyingi sivyo. Mawingu hufanya kazi kama blanketi, yakizuia joto la ardhi lisipotee angani. Usiku wa kuogopwa ni ule mkavu, usio na upepo na wenye nyota nyingi, hasa kati ya Desemba na Februari. Mchana jua huwa kali, lakini jioni joto hupaa moja kwa moja na baridi huzidi kuongezeka hadi muda mfupi kabla ya jua kuchomoza.

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa yenye joto, hivyo huteremka na kutuama mabondeni kama maji. Ndiyo sababu nyumba iliyo kando ya mto inaweza kuamkia sakitu ilhali jirani aliye juu ya kilima haoni chochote. Ikiwa shamba lako liko bondeni, jihesabu kuwa katika hatari zaidi.

Jambo lingine la kujua linahusu utabiri wa hali ya hewa. Kiwango cha joto kinachotangazwa hupimwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Usiku wa nyota, nyasi na mabomba yaliyolala chini yanaweza kuwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Kwa hiyo ukisikia kwamba usiku joto litashuka hadi nyuzi 3 au 4, usiseme kwamba bado hatujafika sifuri. Karibu na ardhi huenda mmeshafika.

Kwa nini bomba hupasuka?

Vitu vingi hunywea vikipoa. Maji yakiganda hufanya kinyume: hutanuka kwa karibu asilimia 9. Lita 10 za maji huwa karibu lita 11 za barafu. Ndani ya bomba nafasi hiyo ya ziada haipo.

Lakini si lazima bomba lipasuke pale barafu ilipo. Barafu huanza kama kizibo mahali fulani penye baridi zaidi. Kizibo kinapokua, husukuma maji yaliyobaki kati yake na mfereji uliofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, na shinikizo hupanda hadi sehemu dhaifu iachie. Hiyo inaweza kuwa kona, kiungo, valvu au mfereji wenyewe. Hii ndiyo sababu fundi anaweza kukuta ufa mita mbili kutoka mahali palipoganda. Pia ndiyo sababu uvujaji hauonekani alfajiri: barafu yenyewe imeziba njia. Huonekana baada ya jua kuiyeyusha, wakati wewe uko shambani au sokoni.

Kwetu barafu haikai muda mrefu, na mara nyingi bomba huganda kisha likayeyuka bila kuvunjika. Hata hivyo, kila usiku kama huo hudhoofisha viungo. Bomba la PVC lililoachwa juani kwa miaka huwa kavu na rahisi kuvunjika, na baridi huongeza udhaifu huo. Bomba jeusi la plastiki linalokunjika huvumilia zaidi, lakini viungo vyake havina uvumilivu sawa na wake. Bomba la chuma lina nguvu, ila hupoteza joto upesi, na likipasuka kulitengeneza ni ghali.

Kagua boma lako: sehemu sita za kuangalia

Chukua nusu saa mchana ukitembea kutoka kwenye mita hadi kwenye mfereji wa mwisho. Angalia hasa:

1. Mfereji wa nje uliosimama peke yake kwenye nguzo.
2. Bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi la juu. Tangi lililojaa lina maji mengi na si rahisi ligande kwa usiku mmoja. Bomba jembamba la kutolea maji chini yake ndilo lenye hatari.
3. Bomba lililopita juu ya ardhi, juu ya mtaro au ukutani nje ya nyumba.
4. Bomba lililofukiwa kidogo tu, ambalo mvua na kwato za ng'ombe zimelifukua.
5. Mita ya maji. Ndani yake mna maji, na yakiganda kioo au mwili wake unaweza kupasuka.
6. Hita ya maji ya sola juu ya paa, pamoja na mabomba yake.

Hatua ya kwanza: fukia

Hakuna blanketi linaloshinda udongo. Baridi ya usiku mmoja haipenyi mbali ardhini, kwa sababu jua la mchana hurudisha joto kabla haijafika chini. Ukifukia bomba kwa kina cha nusu mita hadi sentimita 60, litakuwa salama dhidi ya sakitu, na vilevile dhidi ya jembe, magurudumu ya trekta na jua linaloharibu plastiki. Usilaze bomba juu ya mawe makali. Weka kwanza udongo laini, lilaze, lifunike kwa udongo laini tena, kisha ujaze mtaro.

Kabla ya kufukia, fungua maji na ukague viungo vyote. Kiungo kinachovuja kikishafukiwa kitakusumbua kwa miaka. Weka alama au chora ramani ndogo inayoonyesha bomba linapopita. Mtoto wako atakayejenga hapo baadaye atakushukuru.

Hatua ya pili: visha

Sehemu zisizoweza kufukiwa zivishwe. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huuza sponji nyeusi iliyotobolewa katikati, maalum kwa mabomba. Chagua inayolingana na unene wa bomba lako, iwe nusu inchi au robo tatu, ili isiache nafasi. Visha pia kona na viungo, maana huko ndiko watu wengi huacha wazi.

Ikiwa huna sponji, vipande vya blanketi kuukuu au magunia vinaweza kusaidia kwa masharti mawili. Kwanza, vizungushwe mara kadhaa na kufungwa vizuri. Pili, vifunikwe kwa karatasi ya nailoni ili visilowe. Gunia lililolowa halilindi bomba hata kidogo, na huenda likaongeza baridi.

Kumbuka kwamba kuvisha bomba hakuzalishi joto. Kunachelewesha tu kupoa kwa maji. Kwa baridi yetu ya saa chache, kuchelewesha huko mara nyingi kunatosha kufikia asubuhi.

Mita nayo iwekewe kisanduku chenye kifuniko, lakini kiwe cha kufunguka ili msomaji wa mita afanye kazi yake. Usijaribu kuifungua mita au kuihamisha mwenyewe. Mita ni mali ya kampuni ya maji, na kuichezea ni kosa kisheria.

Hatua ya tatu: mwaga maji yaliyobaki bombani

Bomba lisilo na maji haliwezi kupasuka kwa barafu. Hii ndiyo njia ya uhakika kwa mfereji wa nje na kwa bomba la kunyweshea mifugo, ambavyo havitumiki usiku. Mwambie fundi aweke valvu karibu na tangi au pale bomba linapotoka ardhini. Kisha fanya hivi kila jioni inayoonyesha dalili za sakitu:

- Funga valvu.
- Fungua mfereji ulio chini kabisa ili maji yatoke.
- Fungua pia mfereji ulio juu kwenye laini hiyo hiyo ili hewa iingie. Bila hewa, maji mengine yatabaki ndani.
- Acha mifereji hiyo wazi usiku kucha. Asubuhi ifunge kwanza, ndipo ufungue valvu polepole.

Mipira ya kunyunyizia mboga ichomolewe, imwagwe maji na ikunjwe. Kabla ya kulala, jaza mitungi yenye vifuniko na uiweke jikoni, ili ukamuaji wa alfajiri na chai ya watoto visitegemee mfereji.

Wengine huacha mfereji ukidondoka usiku kucha, kwa sababu maji yanayotembea huganda kwa shida. Njia hii husaidia, lakini maji yetu yana mita na mara nyingine ni ya mgao. Ukilazimika kuitumia, weka ndoo chini na uyatumie maji hayo asubuhi.

Hita za sola: hatari isiyotarajiwa

Nyumba nyingi sasa zina hita za sola. Zipo zenye kioo bapa, na zipo zenye mirija ya vioo. Ile ya kioo bapa imetengenezwa ielekee angani, na usiku wa nyota huo uelekeo huigeukia. Hupoteza joto kwa anga kiasi kwamba maji yaliyo ndani ya mabomba yake membamba yanaweza kuganda hata hewa ikiwa nyuzi chache juu ya sifuri. Mirija ya vioo huvumilia zaidi, lakini mabomba ya kuingiza na kutoa maji bado yana hatari hiyo hiyo.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji swali moja: hita hii inalindwaje dhidi ya sakitu? Zipo zinazozungusha kimiminika kisichoganda kwenye paneli badala ya maji yenyewe, nazo zinafaa zaidi kwa sehemu za juu. Kama tayari unayo ya kawaida, mwite fundi avishe mabomba yote ya paani. Mwonye asizibe bomba la kupumulia wala valvu ya kupunguza shinikizo. Vikizibwa, tangi la maji moto linaweza kupasuka.

Bomba likiganda, fanya nini?

Kwanza, usitumie moto. Usiwashe karatasi chini ya bomba, usilete kaa la jiko, wala usimwage maji yanayochemka. Plastiki itayeyuka, chuma kinaweza kupasuka, na nyumba ya mbao inaweza kuungua.

Fungua mfereji ili maji na shinikizo vipate njia. Chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, ukizungushe kwenye bomba, na ubadilishe kila kinapopoa. Anza upande wa mfereji ukirudi nyuma kuelekea palipoganda, ili barafu inayoyeyuka ipate pa kutokea. Kama huna haraka, subiri jua. Jua ni fundi asiyelipwa.

Usiwashe shawa ya umeme wakati maji hayatoki. Inaweza kuungua ikiwa haina maji.

Ukiona ufa, funga valvu kuu mara moja. Kila mtu katika nyumba, pamoja na watoto wakubwa na mfanyakazi, ajue valvu hiyo iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani. Uvujaji wa lita 1 kwa dakika unaonekana mdogo, lakini kwa siku ni lita 1,440, yaani mitungi 72 ya lita 20. Kwa muda usiozidi mwezi mmoja unaweza kuteketeza pesa za karo.

Jinsi ya kugundua uvujaji uliofichika

Usiku, kila mtu akishamaliza kutumia maji, soma nambari zote za mita na uziandike. Asubuhi, kabla ya yeyote kufungua mfereji, zisome tena. Zikiwa zimesonga, maji yanavuja mahali fulani baada ya mita. Nambari nyeusi huonyesha yuniti, na yuniti 1 ni lita 1,000. Nambari nyekundu huonyesha sehemu za yuniti, na ndizo zinazofichua uvujaji mdogo.

Kwa kawaida, uvujaji baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba, na ule ulio kabla ya mita ni wa kampuni ya maji au mradi wa jamii unaokuhudumia. Ukiona maji yakibubujika barabarani au kwenye laini kuu, usipite tu ukidhani jirani ameripoti. Piga ripoti kwa ofisi ya kampuni yako au ya wadi, na utaje mahali kamili.

Bomba likipasuka, uchafu wa udongo unaweza kuingia. Baada ya matengenezo, acha maji yatiririke hadi yawe safi, kisha uchemshe ya kunywa. Kwa sababu ya mwinuko wetu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwa mita 2,500 huchemka kwenye takriban nyuzi 92. Yaache yatokote kwa dakika 3 kabla ya kuepua.

Tahadhari ya jiko

Usiku huo huo unaogandisha mabomba ndio unaowafanya watu kulala na jiko la makaa chumbani. Tunaomba kwa msisitizo: usifanye hivyo. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuzimika. Ongeza blanketi. Bomba lililoganda hutengenezwa kesho. Aliyepoteza uhai haamshwi.

Kwa wenye jamaa ughaibuni

Familia nyingi zina watoto Marekani, Uingereza na Kanada, ambako baridi hukaa kwa miezi. Katika jimbo la Minnesota, kwa mfano, ardhi huganda kwa kina kiasi kwamba mabomba ya maji hufukiwa zaidi ya mita 1.5. Mwambie mwanao anayerudi nyumbani kwa Krismasi asizime kabisa mashine ya kupasha nyumba joto. Ushauri wa kawaida huko ni kutoshusha joto chini ya takriban nyuzi 13. Pia achomoe mpira wa bustani, afungue milango ya kabati chini ya sinki ili joto lifikie mabomba, na ajue valvu kuu ilipo. Kanuni ni zile zile zetu. Tofauti ni ukali wa baridi.

Orodha ya kubandika jikoni

- Novemba: kagua mabomba yote, fukia yaliyo wazi, visha yasiyofukika.
- Jioni ya anga safi bila upepo: funga valvu ya nje, mwaga maji bombani, jaza mitungi.
- Kabla ya kulala: toa jiko nje.
- Asubuhi: funga mifereji iliyoachwa wazi, fungua valvu polepole, tembea ukikagua viungo.
- Kila mwezi: linganisha mita ya usiku na ya asubuhi.

Kamati za miradi ya maji, wakuu wa shule na wasimamizi wa zahanati wanaombwa kufanya ukaguzi huo huo mapema. Shule yenye bweni ikikosa maji asubuhi moja, vyoo na jikoni husimama. Laini za miradi zinazovuka mabonde na mito zikiwa wazi ndizo za kuangaliwa kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipande cha sponji na nusu siku ya kuchimba mtaro ni gharama ndogo ukilinganisha na bili ya maji yaliyomwagika bila kunyweshwa mtu wala ng'ombe.